Kiganja cha Rubani Ran

Kwenye manowari ile hakuna aliyeangalia uso wa Ran Tingfu. Mshika usukani alitazama mkono wake tu. Kidole kikielekea kulia, meli ilikwenda kulia. Ngumi ilimaanisha kasi yote. Kiganja kikielekea chini, polepole; kikiinuliwa juu, simama. Ran, rubani mzaliwa wa Fengjie, hakujua neno la lugha ya wageni wenye meli ile, na wao hawakujua mwamba hata mmoja wa Mto Yangzi.

Manowari yenyewe ililetwa Shanghai vipande vipande ndani ya meli ya mizigo, ikaungwa huko, na mwaka 1909 ikapanda mto ikiwa na mizinga miwili na tumbo bapa kama kikaango, ili kulinda biashara za wageni. Nahodha wa kwanza alikitii kiganja cha Ran. Wa pili alikuwa na haraka. Siku moja mawimbi ya meli yaliijaza maji mashua ya mchele, ingawa Ran alikuwa ameinua kiganja tangu mbali.

"Nahodha anasemaje?" Ran alimuuliza Pu, mpishi, aliyejua lugha yao kidogo.

"Anasema mchele hupikwa kwa maji."

Kiganja kilipuuzwa mara nyingi hivyo, hata Ran akaacha kukiinua.

Xiang Dakui, mume wa Huixiu, dada yake Ran, alikuwa na mashua ya kubeba pamba. Mwezi wa kumi mwaka 1921, wakinywa pombe ya mtama nyumbani kwake, karibu na maporomoko ya Jino la Chui, mahali mto unapokimbia kwa kasi kati ya miamba, alimtania.

"Shemeji, siku hizi ukipita, mbuzi wanakimbilia mlimani."

"Mbuzi wako wana akili kuliko mwenyewe."

"Basi mimi nisiye na akili naomba kitu kimoja. Ukinikuta ndani ya maporomoko, inua mkono. Wasipoutii, si shauri lako. Wewe inua tu."

"Nitainua."

Siku nane baadaye manowari ilikuwa ikishuka. Maji yalikuwa yakipungua, na nahodha alihofia kukwama huko juu majira yote ya baridi. Kwenye mlingoti wa ukingoni ilipepea bendera nyekundu: kuna mashua inayovutwa kupanda, anayeshuka asubiri. Chini, watu sitini walikuwa wameinamia kamba, wakivuta mashua yenye kiraka cha bluu kwenye tanga. Ran alikijua kiraka kile. Dada yake ndiye aliyekishona.

Nahodha aligonga saa yake kwa ukucha. Mkono wa Ran ulikuwa kifuani. Nafasi ya kusimama ilikuwapo bado, labda pumzi tatu. Hatasikia, aliwaza, lini amewahi kusikia? Kidole chake kikaonyesha mkondo wa kati.

Meli ikishaingia mkondo ule haiwezi tena kwenda polepole. Ikipunguza mwendo, usukani hauishiki na miamba huimaliza. Kwa hiyo Ran akafunga ngumi. Mawimbi yaliipiga mashua ubavuni. Kiongozi wa wavutaji alikata kamba isije ikawaburuta wote sitini, na mashua ikapinduka. Walikufa watu kumi na mmoja. Maiti ya Xiang ilipatikana siku ya nne.

Huixiu, akiwa katika nguo nyeupe za msiba, alimpa kaka yake chai kwanza.

"Nimewaambia majirani nahodha wenu ni mnyama. Nimewaambia kaka yangu aliinua mkono, hakutiiwa. Au sivyo, kaka?"

Kukubali kulikuwa rahisi. Hakuna ambaye angebisha.

"Sikuinua."

"Hukuwaona?"

"Niliwaona. Niliona hata kiraka."

Huixiu alikichukua kikombe mkononi mwake, akaimwaga chai nje ya mlango. Hakusema naye tena.

Ran hakuacha kazi. Tangu hapo, kila walipofika juu ya Jino la Chui aliinua kiganja, bendera iwepo isiwepo. Nahodha wa tatu alimuuliza Pu sababu.

"Mila za mto, bwana mkubwa," Pu alijibu.

Ndiyo maana daftari la safari la meli ile lina maneno haya mara kwa mara: *Tumesimama dakika kumi kwa ombi la rubani. Mto mtupu.*

Mwaka 1934 manowari iliuzwa kama vyuma chakavu. Iliposhuka mara ya mwisho, Huixiu alikuwa ukingoni akiosha figili. Meli ikasimama. Ran alikaa na kiganja juu dakika zote kumi, akimtazama. Huixiu aliosha hadi figili ya mwisho, akabeba kikapu, akapanda ngazi za mawe kurudi nyumbani bila kugeuka.