Siku Waliyomkalisha Mzee Arvid

Mzee Arvid Torkelson ana miaka sabini na tisa na kukaa kitini hakujui kabisa. Sasa klabu ya kujitolea ya Birkdal, kule Minnesota, ikaamua kumheshimu kwa kumkalisha! Eti meza ya mbele, tai shingoni, ukumbi wa chini ya kanisa, Jumamosi mchana mwezi wa nne, yaani siku ambayo barafu ya ziwa ilikuwa inalia tangu asubuhi.

Kila msimu wa baridi klabu inaweka gari bovu juu ya ziwa lililoganda, limetolewa injini na mafuta yote, limepakwa rangi ya chungwa. Watu wananunua tiketi, wanabashiri barafu ikiyeyuka litazama siku gani, saa ngapi. Hela inawanunulia watoto miwani. Na saa inayokubalika ni ya mkononi mwa Arvid, basi. Miaka thelathini na nane hajakosa kuliona likizama, hata ule mwaka wa nimonia alienda na blanketi. Leo zamu wamempa Jolene, dereva wa basi la shule.

"Tulia bwana, meza inatikisika," mkewe Marlys akamnong'oneza.

"Upepo wa kusini huo, Marlys. Gari halimalizi siku."

"Jolene ana macho mawili."

"Hata mimi ninayo, na yanaangalia viazi."

Mwenyekiti, Bi Kuhlmann, alikuwa anasoma historia ya mzee na bado yuko mwaka 1991. Watu waliona goti la Arvid linavyoruka, wakasema maskini, anaona haya. Haya gani! Alikuwa anasikilizia ziwa kupitia ukuta.

Alipokabidhiwa kibao chenye jina lake ukumbi mzima ukasimama, makofi, wengine machozi kabisa. Arvid akashika kipaza sauti.

"Asanteni sana. Barafu inaondoka."

Akakilaza kibao juu ya bakuli la maharage, akatoka.

"Ndiyo hotuba hiyo?" mtu akauliza.

"Leo ameongea sana," Marlys akasema, huku anatafuta koti.

Umati ukamfuata na sahani mkononi. Ziwa liko hapo chini tu, na mzee anatembea kama anafukuzwa na nyuki, viatu vya kanisani vinateleza kwenye matope. Anafika, hakuna gari. Tundu jeusi tu, maji yanachezacheza.

Jolene anarukaruka na daftari lake mkononi, hajui acheke au aombe msamaha. "Saa saba na dakika kumi na nne, mzee. Nimeandika. Nimekupigia mara tatu!"

Simu ya mzee ilikuwa mkobani kwa Marlys, imezimwa kwa ajili ya hotuba.

Bi Kuhlmann akafika anahema, akachukua daftari akampa mzee. "Haya Arvid, tia sahihi tumalize. Siku yako hii."

"Sikuona."

"Ah, si sahihi tu!"

"Sitii sahihi kitu ambacho sikukiona. Atie aliyeona."

Akamrudishia Jolene daftari. Jolene akaandika jina lote, mpaka la ukoo.

"Twende baba, keki inangoja," Marlys akasema.

Ingoje. Arvid akawa anazunguka ukingoni, huku, kule, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwisho akamgeukia Jolene.

"Lilitangulia pua au mkia?"

"Pua! Halafu likasimama hivi, kama bata anachokonoa chini, halafu..."

"Polepole! Anza mwanzo. Na usiruke kitu."