Firigisi Ndani ya Keki

Enzi zetu keki ilikuwa inaliwa na karatasi yake. Watoto wa siku hizi watasema huo ni ujinga, lakini wewe wa rika yangu unajua: ukitoa karatasi, unatupa na ule utamu umeshikana hapo, na nani alikuwa na wazimu hivyo? Tulitafuna karatasi mpaka inalainika kama sukuma wiki ya jana, halafu tunameza. Hakuna mtoto alikufa. Mimi nafikiria nimekula gazeti nzima nikiwa mdogo, ndio maana mpaka leo habari za watu wote ninazo.

Kwetu ni upande wa Bungoma, ukipita Kibabii ushike barabara ya vumbi. Hizi keki ndogo za kikombe cha karatasi, zenye sisi tunaita kwinkeki, zilikuwa zinapikwa kwa bekari moja mjini karibu na soko. Harufu yake, bana! Ilikuwa inatoka pale asubuhi, inapitia kanisani, inasimamisha maombi, inafika kwetu mpaka ng'ombe anakataa nyasi. Tukienda soko na baba tulikuwa tunasimama kwa mlango wa bekari, pua juu. Baba anasema, "Harufu ni ya Mungu, keki ni ya wenyewe. Vuteni haraka twende." Basi tunavuta. Ndugu yangu mmoja alivuta mpaka akashiba, akafika nyumbani akakataa ugali. Mtoto wa Bungoma, kukataa ugali! Walimwombea.

Sasa, Senge Nasimiyu, dada ya baba, alikuwa ameenda Kitale kufanya kazi ya nyumba kwa mama mmoja mwenye shamba kubwa ya mahindi. Akarudi na maringo, na bati ya chuma yenye mashimo ya duara. Kijiji nzima ikakuja kuangalia. Jirani akasema hiyo ni ya kupandia maharagwe kwa mstari. Kukhu, nyanya yetu, akaonelea ni ya vifaranga kunywea maji, kila mmoja na shimo yake, wasipigane. Na akawawekea maji kweli. Senge aliamka akakuta vifaranga wamejipanga kama watu wa harusi.

Oveni hatukuwa nayo. Senge aliweka mchanga kwa sufuria kubwa, bati ndani, jiko ya makaa chini na makaa ingine juu ya kifuniko. Vikombe alikata kwa gazeti akapaka mafuta. Keki ikiiva, maandishi yote yamehamia kwa keki. Mimi sikufika mbali na masomo. Hii kidogo najua kusoma, nilisoma chini ya keki. Na ladha zilikuwa mingi kuliko hizi zenu! Kulikuwa ya ndizi imeiva mpaka imekata tamaa, ya maziwa lala, ya moshi, na moja ya viazi vitamu yenye ukimeza Jumatatu, inafika tumboni Jumatano.

Sasa sikia. Senge alikuwa na kijana wake huko Kitale, Wanjala, fundi wa baiskeli. Watu wa kwao wakatuma neno kwamba wanakuja kuona msichana. Wakifurahi, ndoa iko. Wakikasirika, Senge anarudi kushika jembe na sisi, na wanawake huko kisimani walikuwa tayari wameanza kuhesabu umri wake kwa sauti.

Senge akatangaza, "Siku hiyo hakuna kuku. Hawa ni watu wa Kitale. Watakunywa chai na keki."

Kukhu akaweka ungo chini. "Chai na nini?"

"Na keki, mama. Ya kisasa."

"Na imondo?"

"Imondo ni mambo ya zamani."

Kukhu alishika kichwa kama mtu ameambiwa nyumba inaungua. Kwetu, mgeni wa heshima anachinjiwa kuku, na imondo, yaani firigisi, inawekwa kwa sahani ya mzee mkubwa. Ikikosekana, mzee anaosha mikono, anachukua fimbo, anaenda, na ndoa inamfuata nyuma. Wanawake wao? Hawakuwa wanaonja. Wasichana wadogo kama mimi tulikuwa tumeanza kupewa shingo na miguu, lakini Kukhu na wenzake kuku walikuwa wanaifuga, wanaichinjisha, wanaipika, halafu wanakula mboga. Firigisi walikuwa wanaisikia tu, kama mbinguni.

Basi siku ikafika. Asubuhi Senge ako kwa sufuria, na Kukhu nyuma ya nyumba na jogoo. Hiyo jogoo usiililie. Ilikuwa imefukuza mbwa ya jirani mpaka Malakisi, mbwa akaanza maisha mpya huko, akaoa. Kukhu alipika firigisi pole pole mpaka ikalainika, akafunika kuku ingine yote kwa chungu chini ya kitanda. Senge alipoingia ndani kuvaa rinda, Kukhu akafungua kifuniko cha sufuria, akachagua keki moja yenye bado ni laini, akazamisha firigisi katikati, halafu akaweka njugu moja juu. Mimi nilikuwa hapo napuliza makaa.

"Hiyo ya njugu," akaniambia, "ni ya mzee. Nyamaza."

Nikanyamaza. Mpango ilikuwa safi kabisa.

Senge akatoka amevaa, akatoa keki, akaona moja iko na njugu. Akafikiria ni mimi nimerembesha. Akafurahi! Akasema, "Umefanya vizuri, lakini si unafaa kumaliza?" Kabla nifungue mdomo, akachukua mkono mzima wa njugu, akaweka kwa kila keki.

Wageni wakafika. Mbele Mzee Barasa, baba ya Wanjala, na fimbo yake. Nyuma yake Mama Selina, dada ya mzee, senge ya Wanjala, mama mwenye akikaa, kiti inaomba msamaha. Wanjala mwenyewe mwisho kabisa. Na unajua kwetu senge ya kijana akisema hapana, ni hapana. Alisalimia watu akasema, "Mimi nimekuja kuangalia. Sijakuja kucheka."

Sahani ikaletwa. Kukhu akaangalia: njugu kila mahali. Nikamwona anatafuta ukuta wa kuegemea.

"Mzee," akaanza, "chukua hiyo. Hapana, ya kando. Eh, bonyeza kwanza."

"Nibonyeze chakula ya watu?" Mzee Barasa akachukua yake, akauma mara moja ikaisha. Akafuta masharubu. "Ni tamu. Sasa chakula inakuja saa ngapi?"

Senge akainamisha kichwa. Kukhu akafunga macho. Na hapo ndipo Mama Selina akauma yake, halafu meno ikasimama.

Vikombe vya chai vikabaki hewani. Hata nzi alitua. Mama Selina akatafuna kidogo, akaacha, akatafuna tena, anaangalia juu kama mtu anakumbuka jina.

"Nani amepika hii?"

"Ni mimi, mama," Senge akasema, sauti kama ya kifaranga.

Kukhu akashindwa. "Ni mimi niliweka imondo! Mimi nilitaka mzee apate heshima yake!"

Mzee Barasa akaruka. "Ati imondo? Imondo yangu iko wapi?"

"Iko hapa kwa mdomo," Mama Selina akasema.

"Itoe!"

"Nikutolee uweke wapi?"

"Mwanamke hali imondo! Ni chungu kwa mwanamke!"

"Ni chungu?"

"Chungu sana!"

"Basi unalilia nini? Kaa chini, Barasa. Nimekubebea hii kitu kwa sahani tangu ukiwa na meno ya maziwa. Leo ngoja niangalie hiyo uchungu."

Akameza. Nakuambia yule mama alifunga macho muda mrefu mpaka tukafikiria tumemuua. Halafu machozi ikatoka, moja huku, ingine huku.

"Kumbe," akasema. Hiyo tu. "Kumbe."

Akageukia Wanjala. "Wewe, huyu msichana umeoa. Ukikataa, wewe rudi Kitale, mimi nahamia hapa." Na akacheka, yule hakukuja kucheka, mpaka kiti ikaomba msamaha mara ya pili.

Kukhu alitoa kuku chini ya kitanda mbio. Mzee Barasa alipoona paja, akasamehe dunia yote.

Lakini yenye mimi nakumbuka zaidi ni wakati wageni wanatoka. Kukhu alimshika Mama Selina mkono hapo mlangoni, akainama kwa sikio yake, akauliza, "Iko namna gani?"

Mama Selina akafungua leso yake. Kumbe hakumaliza, alikuwa amebakisha nusu, imefungwa kwa ile karatasi ya gazeti. Akamwekea Kukhu kwa mkono. Na Kukhu, mwenye alikuwa amefuga kuku maisha yake yote, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akatia mdomoni. Na karatasi yake.

Senge aliolewa. Alimnunia Kukhu mpaka mtoto wa kwanza, lakini aliolewa.

Juzi nilikuwa Kitale, mjukuu yake Senge, Shanice, akanipeleka bekari. Glasi kila mahali, baridi kama mochari. Keki ya karoti, ya kahawa, ya maua ya zambarau yenye inanuka kama sabuni ya mgeni. Nikauliza msichana wa hapo kama iko ya firigisi. Akaniangalia kama mtu ametoroka wodi.

"Aunty, please, usiniaibishe," Shanice akasema. Akachukua keki yake akaanza kuipiga picha. Ya mbele, ya juu, ya kando, imeegemea kikombe. Keki imepigwa picha kuliko bibi harusi. Ile mafuta ya rangi juu ikaanza kuteremka, ananiambia, "Ngoja, usikule, mwangaza si poa." Sisi tulikuwa tunakula gizani, na mdomo ilikuwa haipotei.

Mimi keki yoyote naibonyeza katikati kwanza. Ni tabia, siwezi kuacha. Nikabonyeza: krimu tupu. Ni tamu, sitadanganya, lakini hakuna mtu alificha kitu hapo kwa ajili ya mtu. Nikamaliza, nikabaki na karatasi. Nikaigeuza, nikatafuta. Nyeupe pande zote, haina hata neno moja.

Nikaitafuna hivyo hivyo.