Posa ya Kwenye Yoti

Mjukuu wangu alinikataza kuiita boti. "Bibi, si boti, ni yoti," akaniambia huku ananipigia pasi buibui langu la Idi. Nikamuuliza yoti ndiyo nini. Akasema ni ya kifahari, watu wanakula humo chakula cha jioni, wanapigiwa muziki wa laivu na kutazama mji kutoka baharini. Nikamwambia, "Kumbe ni boti iliyooga." Akacheka, lakini kilikuwa kicheko cha mtu ambaye roho iko juu.

Sababu ya roho kuwa juu naijua. Tulikuwa tumealikwa na watu wa Dar es Salaam, mama na mwanawe wa kiume, na huyo mwana ndiye anayemtaka mjukuu wangu. Walijuana huko chuo kikuu. Mjukuu huyu nimemlea mie tangu ana miaka mitatu, mama yake, ambaye ni mwanangu wa kumzaa, alipofariki. Baba yake yuko Mkwaja na mke mwingine na watoto saba, naye alishasema zamani, "Atakalosema bibi yake ndilo langu." Na mtoto mwenyewe akaniambia, "Bibi, ukisema hapana na mie nitasema hapana, wala sitanuna." Hatanuna! Huyo niliyemkataza kununua baiskeli akiwa darasa la sita, akaninunia kimyakimya mpaka akafika la saba! Basi maisha yote ya mtoto yakawekwa juu ya ulimi wangu, na ulimi wangu wanaonijua wanaujua.

Nami nilikuwa nimeshaamua kukataa. Mtu anayetaka binti wa Ngamiani hapa Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili, anakuja Barabara ya Kumi na Mbili. Anakuja na wazee wake, wanavua viatu mlangoni, wanakaa mkekani, wanatoa barua ya posa, wanaambiwa ngojeni siku saba, wanakwenda zao. Hawa wao wanamwita mwenye binti awafuate, tena baharini. Nikasema vizuri, nitakwenda, nitakula, kisha nitakataa nikiwa nimeshiba.

Na kitu kimoja zaidi. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Huyu ni mke mwenzangu, tulimchangia babu yake mpaka alipokufa. Siku akipata mume, mume ni wetu sote wawili. Namwita mume wangu mbele za watu, namdai kanga, nampigia kelele akichelewa kunisalimia. Mke mwenzangu alikuwa anangoja neno hilo tu. Mwaka mzima ananitajia kijana wake, na mwaka mzima mie naitikia, "Yule mgeni wako hajambo?" Anasema hajambo, anainama.

Tukapelekwa Raskazone kwa gari lenye baridi ya kuhifadhia samaki. Hiyo yoti ikawa nyeupe kama meno ya bandia. Nataka kupanda tu, binti mmoja mwenye sare akanikingia kikapu.

"Shikamoo Bibi. Naomba viatu."

"Marahaba. Vina nini viatu vyangu?"

"Havina kitu Bibi, ila sakafu isikwaruzike."

Nikavua. Mwanamke wa umri wangu, mwenye binti, nikavua viatu mlangoni kwa mwoaji. Kutazama mbele, mama wa kijana amevaa vyake, vya mpira mweupe laini, ndivyo vinavyoruhusiwa. Yeye alijua, akajiandaa. Mie sikuambiwa.

"Shikamoo Mama," akanisalimia, ananukia duka zima. "Karibu sana, jisikie uko nyumbani."

"Marahaba mwanangu. Nyumbani kwangu hakuyumbi."

Akacheka. Alidhani ni mzaha. Akanieleza kwamba walichagua bahari kwa sababu mwanawe alimwambia watu wa Tanga wanapenda bahari. Mie mzaliwa wa Pemba. Bahari niliivuka nikiwa mtoto, nikatapika kutoka Wete mpaka Tanga, na tangu siku hiyo tunaheshimiana kwa mbali. Kumbe kuna watu wanalipia.

Tukaondoka jua lingali juu ya mji. Wageni walikuwa kama thelathini, wengi watu wa safari na simu zao. Mwanamume mmoja mwenye kipaza sauti akasimama na kutangaza, "Mabibi na mabwana, upande wenu wa kulia, mandhari ya jiji!" Watu wote wakakimbilia kulia mpaka nikaona chombo kinainama. Nami nikatazama nione hilo jiji. Nikaona winchi za bandari. Nikaona maghala, minazi, ghorofa mbili tatu ambazo nimewahi kuzipanda kwenda kulipia vitu, na mnara wa simu. "Aah!" wakasema watu. Nami nikasema aah, maana ni kweli, sikujua kwamba mji niliotoka saa nzima iliyopita nikiwa nimevaa viatu ni mandhari. Barabara ya Kumi na Mbili haikuonekana. Imejificha nyuma ya maghala, ina adabu zake.

Muziki nao ukaanza. Palikuwa na kinanda, na tarumbeta lililopinda kama kiko cha Mzungu, na msichana anayeimba huku amefumba macho, polepole mno, kama anayemlaza mtoto asiyelala. Kikaja chakula. Sahani kubwa kama ungo, katikati kipande cha samaki cha vidole viwili, na mchuzi umedondoshewa pembeni matone matano, mithili ya dawa ya macho. Nikangoja wali. Mke mwenzangu akanifinya chini ya meza, "Bibi, ndicho chenyewe." Nikamuuliza mama wa kijana kama huyo samaki alikuwa mgonjwa alipovuliwa. Akasema, "Mama una vichekesho!" Kijana nilimwona ameuma mdomo wa chini, mabega yanamtikisika. Nikamwandikia alama moja, kisha nikaifuta.

Ikaingia magharibi. Nikainuka kutafuta maji ya udhu, nikapewa ya chupa, yaliyosafiri kuliko mie. Mama wa kijana akanishika mkono kwa upole. "Mama, si ungeswali ukifika? Safari ina udhuru wake."

"Safari ya kutoka Raskazone kwenda Raskazone haina udhuru, mwanangu."

Nikamuuliza mhudumu kibla ni wapi. Akatazama juu, akatazama chini, akasema labda akamuulize nahodha. Hapo yule mgeni wa mke mwenzangu akasimama. Akatoa mswala ndani ya mkoba wake, akautandika nyuma karibu na kamba, akaniambia, "Kibla ni kule, Bibi, kule Chongoleani. Niliuliza mchana, kabla hamjafika." Mtoto wa Dar es Salaam! Nikatia nia.

Sasa tatizo la yoti ni kwamba haitulii. Inazunguka, kila aliyelipa aone mandhari kwa zamu. Nimeanza rakaa ya kwanza naelekea Chongoleani, nikisimama nahisi upepo umehama, naelekea minazi. Nilifundishwa kwenye chuo cha Kurani Pemba, na hicho ndicho chuo pekee nilichomaliza, kwamba chombo kikigeuka nawe geuka. Lakini mtu aliye ndani ya swala hawezi kuuliza njia. Ndipo nikaiona miguu ya kijana. Amekuja kusimama mbele yangu, pembeni kidogo, kama nguzo. Chombo kikigeuka, anasogea hatua, anabaki upande wa Chongoleani, nami namfuata na mswala nauburura kwa vidole. Rakaa tatu zote tulizunguka hivyo. Watu thelathini wameinua simu wanaitazama Tanga, na mie nimeipa mgongo.

Masikio hayaswali, yanasikia. Nilimsikia mama yake, "Mwanangu, njoo ukae, watu wanatutazama."

"Waache watazame, Mama. Bibi akimaliza nitakuja."

Nilipotoa salamu, alikwenda kuswali mwenyewe. Nikaurudia ungo wangu, pamewekwa kijiko cha aiskrimu. Nikawa najiuliza lile la kukataa nalianzaje.

Sikupata nafasi. Muziki ulikatika, yule wa kipaza sauti akasimama katikati. "Mabibi na mabwana, leo tuna tukio la kipekee!" Mhudumu akaja na sinia la fedha lililofunikwa. Akafunua. Barua ya posa, juu ya maua ya waridi, imefungwa utepe. Tarumbeta likalia. Watu wakapiga makofi, wengine wamesimama juu ya viti. Mama wa kijana anatabasamu, machozi yanamlengalenga, na masikini ya Mungu alikuwa anamaanisha, alidhani ananipa heshima. Kijana ameduwaa. Nilimwona usoni kwamba hili la sinia hakuambiwa.

"Familia ya binti iko hapa!" anasema yule mtu. "Tumsikie bibi. Bibi, unasemaje? Ndiyo au hapana?" Akanisogezea kipaza sauti mdomoni kama ananipima homa.

Nikamtazama mke mwenzangu. Aiskrimu yake ilikuwa imeyeyuka yote na hakuigusa. Anaitazama tu, midomo inacheza, nadhani alikuwa anasoma dua. Nami hapana ilikuwa mdomoni, imekaa tangu tulipoalikwa, nilikuwa nimeitunza.

Nikakishika kipaza sauti. "Bibi anasema arudishiwe viatu vyake."

Sauti ilitoka kubwa, ikafika bandarini. Makofi yakafa. Mmoja nyuma akacheka peke yake, akanyamaza.

"Mama," mama wa kijana akaninong'oneza, amepauka. "Mama, tumekosea nini?"

"Barua ya binti yangu haisomwi juu ya aiskrimu, mwanangu. Nyumba yangu ina mlango. Na anayeomba ndiye anayevua viatu. Mie hapa sikuja kuomba kitu, na ni mie niliye pekupeku."

Akatazama miguu yangu. Akatazama yake. Akaivuta chini ya kiti, na safari nzima ya kurudi Raskazone lile tarumbeta lilipiga taratibu kama liko matangani. Mke mwenzangu hakulia. Afadhali angelia.

Tulipofika, kijana alikwenda mwenyewe kwenye kikapu. Akaviona viatu vyangu kati ya vya watu thelathini, akaviweka mbele ya miguu yangu, kisha akaitoa barua kwenye maua na kuitia mfukoni, kama mtu anayekinga kitu na mvua. "Bibi, Ijumaa baada ya swala?"

"Nyumba haijahama," nikamjibu.

Siku zilizobaki mke mwenzangu alifagia ua mpaka mchanga ukaanza kwisha. Jibu mie mwenyewe nilikuwa silijui. Nikikumbuka sinia nakataa. Nikikumbuka miguu inayosogea, ile hapana naitafuta mdomoni siioni.

Ijumaa wakaja. Gari halikuingia mtaani, kuna mtu alikuwa ameanika mchele, kwa hiyo mama yule akatembea na viatu virefu kwenye mchanga kuanzia barabarani, kila dirisha lina uso. Alipofika mlangoni akaniamkia, akainama, akavua kimoja, akavua cha pili, akavipanga ukutani vimeelekea nje. Vizuri kabisa. Nikamkaribisha mkekani. "Jisikie uko nyumbani, mwanangu." Nikamkalisha upande wa dirisha, nikamwonyesha, "Kulia kwako, mandhari ya jiji." Palikuwa na ukuta wa jirani, na kanga zangu mbili kambani. Safari hii alielewa. Alicheka mpaka akajifuta macho na mtandio, nami nikamsogezea mto aegemee.

Baba mtu alikuwa amekuja kutoka Mkwaja na kanzu yake. Akapokea barua kwa mikono miwili, akanipa mie. Nikaiweka chini ya mto wangu bila kuifungua, nikawaambia kama ada inavyotaka, tumepokea, ngojeni siku saba. Wakaitikia inshallah. Ndipo tukaleta chakula, wali wa nazi na samaki wa kupaka, mzima, mwenye kichwa na mkia. Yule mama alikula kwa mkono, akaongeza, akaongeza tena. Samaki mwenye afya anajulikana.

Wakaaga. Nikaona wali umebaki mwingi, na safari ya Dar es Salaam ni ndefu, na huyu mama si mtu mbaya, ni mtu wa yoti tu. Nikatafuta kitu cha kumfungia. Hotpoti yangu kubwa iko juu ya kabati, na mie mkono haufiki. Nikageuka.

"Mume wangu, we mrefu, hebu nishushie hiyo hotpoti nimfungie mama yako."

Uani kikadondoka kifuniko cha sufuria, kikazunguka, kikazunguka, mpaka kikatulia. Baba mtu akakohoa. Kijana alikuwa ameshasimama chini ya kabati, mikono juu, hotpoti ameishika, ananitazama hapumui.

"Mama," akasema yule mama taratibu, "si umetuambia siku saba?"

"Siku saba ziko palepale," nikamwambia. "Mie nimeomba hotpoti."

Mke mwenzangu akachungulia mlango wa uani, uso wote meno. Nikamwambia aache kuchungulia watu, alete upawa.