Msafara wa Wakubwa Niliouchorea Njia Ipite Kijijini Kwetu

Jumamosi tarehe 12 Aprili 2025, saa nne na robo asubuhi, binti yangu alikuwa chini anaugulia uchungu wa kuzaa, na watu arobaini wenye fulana nyeupe walikuwa wanampigia makofi.

Sijakosea kuandika. Makofi.

Naona humu jukwaani mnaitana wakuu. Mimi mnisamehe, neno hilo linanichefua. Niiteni Gozbert. Niliishia darasa la nne, nikaendesha malori ya kahawa miaka thelathini na moja, na sasa ni mgane. Kijiji changu kiko Muleba, mgongoni mwa kilima. Jina nalificha, maana mwenyekiti wetu naye ana simu janja.

Nianze na marehemu mke wangu, Ephrasia.

Kati ya kijiji na lami kuna kijito. Kiangazi hata kuku anavuka. Masika kinabeba ng'ombe. Daraja letu lilikuwa magogo mawili ya mkaratusi.

Aprili 2019 Ephrasia alishikwa na tumbo. Wanaume wanane wakambeba kwenye machela, kama ilivyo kwetu: kila kaya inatoa mbebaji, asiyetokea anatozwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, tunainywa mbele yake.

Tulipofika kijitoni, magogo yalishakwenda na maji. Tukamshusha, tukasubiri.

Maji yalipungua saa kumi jioni. Yeye alikuwa ameshaondoka tangu saa nane.

Kwenye mazishi wakubwa walikuja na shada la maua na ahadi ya daraja. Shada lilikauka wiki ileile. Ahadi bado mbichi mpaka leo.

Sasa, Januari mwaka huu, ofisi moja, siitaji, ikabuni msafara wa utalii wa ndani: "Kutoka Ufukweni hadi Milimani." Magari kumi na saba, siku tatu. Yaanzie ufukweni Bukoba, yapite Kemondo na Muleba, yapande magharibi hadi milima ya Karagwe. Wakatafuta dereva mzee anayezijua kona zote.

Wakaniita. Malipo soda na chapati. Chapati ya jana.

Afisa anaitwa Joackim, kijana msafi, viatu vimechongoka mbele. Kwenye kompyuta yake njia yote ilikuwa lami tupu.

"Kwenye lami wageni wako wataona nini?" nikamuuliza. "Makalio ya malori?"

"Mzee, wewe ungepita wapi?"

Nikageuza kalenda ya parokia, nikachora nyuma yake. Nikaitoa njia kwenye lami, nikaipandisha kilimani kwetu, nikairudisha mbele.

"Hapa juu ziwa lote unaliona. Visiwa vimelala kama ng'ombe wanaocheua. Na kuna maporomoko ya maji."

Akasisimka. "Kuna changamoto yoyote ya miundombinu?"

"Hakuna, waitu," nikasema kwa heshima ya Kihaya. "Kakijito tu."

Hako kakijito ndiko kalikoniulia mke.

Msinihukumu haraka. Binti yangu Renatha alikuwa amerudi nyumbani na mimba ya miezi mitano, mumewe yuko visiwani anavua dagaa. Angejifungua Mei, maji yakiwa yamejaa. Barua za daraja tumeandika miaka sita. Nikasema, kama hawajengi kwa ajili ya anayekufa, labda watajenga kwa ajili ya anayepiga picha.

Na kweli. Machi wakaleta greda. Wakang'oa magogo tuliyokuwa tumeyaweka upya, wakafunga daraja la chuma, nati kubwa kama ngumi. Wiki tatu. Miaka sita bajeti ilikuwa finyu, kumbe ilikuwa inasubiri watalii.

Nilifurahi, sifichi. Nilikwenda kaburini kwa Ephrasia nikamwambia.

Halafu mwenyekiti wetu, Philbert, akaitisha mkutano.

"Daraja limekuja, kwa hiyo chama cha machela kimevunjwa. Machela yenyewe itafungiwa ofisini. Wageni wasije wakaipiga picha wakadhani sisi ni maskini."

"Kweli," nikasema. "Tungewadanganya."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaongeza kwamba kuvuka hakuruhusiwi mpaka daraja lizinduliwe. Mgambo wawili, utepe mwekundu, maua kwenye ndoo. Kwa siku tisa tulivuka kwa kuvua suruali, pembeni mwa daraja jipya.

Jumamosi ile Renatha akaniita akiwa jikoni, ameshika mlango.

"Taata, maji yamemwagika."

"Ya mtungi?"

"Taata, usinifanye nikucheke sasa hivi."

Wiki tatu kabla ya siku zake. Nikakimbilia ofisini kufuata machela. Kufuli. Ufunguo anao mwenyekiti, na mwenyekiti yuko chini barabarani anapanga viti vya wageni.

Nikampakia kwenye pikipiki yangu, taratibu, jiwe kwa jiwe. Usiku wa jana yake mvua ilinyesha, kijito kilikuwa kinanguruma.

"Mzee, uzinduzi saa sita," akasema mgambo mmoja darajani.

"Mwambie mtoto," nikamjibu.

"Nimepewa amri."

"Na mimi mke wangu alisubiri hapahapa. Sogea."

Hakusogea. Nikapita ubavuni mwake, utepe nikauzindua kwa tairi la mbele. Ukatuzonga, tukavuka nao kama maarusi.

Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, msafara wa wakubwa ukawahi.

Magari kumi na saba, yamefuatana, yameziba njia ya gari moja. Kushoto mwamba, kulia bonde. Renatha akashuka, akakaa chini. Hakuweza tena.

Wageni wakamiminika, simu juu. Joackim akautazama utepe shingoni mwangu, akazitazama kamera, akanyakua kipaza sauti. Kijana ana akili, siyo siri.

"Wageni wetu, huu ni mchezo mfupi wa wananchi, kuonesha jinsi daraja hili litakavyookoa akina mama."

Ndiyo makofi hayo niliyowaambia.

"Huyu dada anaigiza vizuri sana," mmoja akasema, akasogea apate picha ya karibu.



Aliyetusaidia ni dereva wa gari la kwanza, Zahoro, mtu wa Pangani. Alitupa sigara.

"Mzee wangu, huyu haigizi. Mimi nina watoto sita."

Akafungua mlango wa nyuma, akarusha nje maboksi ya vinywaji na mabegi ya wakubwa. Tukamlaza Renatha. Kisha akatembea gari kwa gari, anagonga vioo: "Rudi nyuma. Rudi nyuma." Magari kumi na sita yakarudi kinyumenyume mpaka penye upana, wakubwa wakabaki wamesimama kwenye tope.

Mjukuu wangu alizaliwa ndani ya gari hilo, kona ya nne, kabla ya lami. Wa kike. Tumemwita Kokubanza. Renatha alipoteza damu nyingi, lakini alifika hospitali akiwa hai. Hai, ndugu zangu.

Mngedhani imeishia hapo.

Jumatatu lori likaja darajani. Mafundi wakaanza kufungua nati. Nikauliza kuna nini.

"Vyuma vya kuazima, mzee. Vinakwenda kwenye msafara mwingine."

Kufika jioni kijito kilikuwa kitupu, hakina daraja. Hata magogo yetu hayapo, yalishapasuliwa kuni za kupikia wageni.

Video ya mchezo wetu wameiweka mtandaoni. Wanaisifia.

Jumatano nikaitwa kwenye kikao cha kijiji. Kosa langu: kuzindua mali ya umma bila mamlaka. Mali yenyewe haipo, kosa lipo.

Funzo langu ni hili, mlichukue bure. Ukiwachorea wakubwa njia ipite mlangoni kwako, watapita. Wewe uliza kwanza wakishapita wataacha nini.

Mwenyekiti alisema, "Mzee Gozbert, una la kujitetea?"

"Sina, waitu. Nina swali. Renatha na mtoto wanaruhusiwa Jumamosi kutoka hospitali. Mnataka wavukie wapi?"

Mwenyekiti akatazama saa. Katibu akamtazama mwenyekiti. Kikao kikafungwa kwa sala.

Leo ni Ijumaa, mvua haijakata tangu asubuhi. Nalirudia swali hapa, labda kuna mkubwa anasoma: kesho wavukie wapi?