Mke Mwenzangu Aliyesubiri Njia

Wakati wa Mjerumani, boma la Arusha likiwa bado jipya, niliolewa mke wa pili kwenye mteremko wa Meru. Mke mkubwa alinizidi miaka kama kumi hivi. Nywele zake zilikuwa nyeusi, na kitindamimba wake alikuwa bado ananyonya. Nilimwita dada.

Asubuhi moja ukungu ulishuka mpaka migomba ikawa kama watu waliosimama ndani ya maziwa. Dada alikwenda mferejini kuchota maji, asirudi. Nilimkuta amekaa chini, kibuyu mapajani, ametulia tuli.

"Dada, umeumia?"

"Hapana. Nasubiri njia."

Nilicheka nikidhani ni utani. Njia ilikuwa miguuni pake, na yeye ndiye aliyenionyesha nilipokuja.

Baada ya hapo akawa anatia magadi kwenye ndizi mara mbili, mara tatu. Akiniuliza kama ng'ombe amekamuliwa, nilimjibu, na kabla sijakaa aliuliza tena. Siku moja alimtazama mwanawe, akasema taratibu, "Mtoto mzuri huyu. Mama yake yuko wapi?" Mtoto akampapasa shavu. Hapo nikajua si uchovu.

Mama mkwe alisema usahaulifu ni wa wazee. Kwa mwanamke wa umri ule, kuna mkono wa mtu. Hakunitaja, ila tangu siku hiyo hakula chakula nilichopika. Mganga aliitwa, mbuzi akachinjwa, na dada akauliza nani anaoa.

Nililia siku hiyo, kisha nikaacha kumlazimisha akumbuke. Nilifunga vipande vya kamba ya mgomba kwenye miti, kutoka mlangoni hadi mferejini, naye akawa anakwenda akivishika kimoja kimoja kama anayesalimia watu. Sikumwacha peke yake na moto. Swali lake nililijibu kila mara kama jipya. Mikono yake haikusahau kupukuchua mahindi, basi nikampa mahindi. Mama mkwe alitazama yote hayo mvua mbili nzima. Jioni moja akanyoosha bakuli, akaniambia, "Nipakulie, mwanangu."

Mume wetu alipelekwa kutengeneza barabara ya Wajerumani. Aliporudi, dada alimkaribisha kama mgeni, akampa maziwa kwa mikono miwili. Mume alikunywa yote, akamshukuru, kisha akatoka kusimama kwenye migomba kwa muda mrefu.

Dada aliishi nasi miaka michache tu. Karibu na mwisho wake, tukiwa tumekaa juani tukipukuchua mahindi, alinitazama sana.

"Wewe ni nani?"

"Mke mwenzako."

Akafikiri. "Tunapendana?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, wala mimi sikuwahi kujiuliza.

"Tunapendana, dada."

"Vizuri," akasema, akachukua hindi jingine.