Picha ya Huzuni Dirishani

Tangazo lilisomwa redioni: kikundi kimoja cha maigizo cha Dar es Salaam kilikuwa kinatafuta waigizaji wapya, na mwombaji alitakiwa kutuma barua pamoja na picha tatu, moja ya furaha, moja ya hasira na moja ya huzuni. Mimi nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi ya ushirika wa pamba mjini Shinyanga, na nilishajiona napotea bure pale. Shuleni niliigiza mara mbili, mara zote nikapigiwa makofi, na makofi yale yalikuwa yamenipanda kichwani. Barua niliipiga chapa mara nne kwa mashine ya ofisi, kila mara nikijiongezea sifa.

Kazi ilikuwa picha. Mjini kulikuwa na mzee wa Kihindi mwenye studio. Wateja wake walikaa wima, mikono magotini, nyuso zimekazwa, maana picha ilikuwa jambo la heshima, ya kutundikwa sebuleni. Nilipomwambia nataka kulia mbele ya kamera, alivua miwani.

"Binti, una shida nyumbani?"

"Sina, mzee. Nataka kuwa mwigizaji."

Akacheka, lakini alikuwa fundi kweli. Alikwenda nyuma kwa mkewe, akarudi na nusu kitunguu ninuse. Nikafumba macho, nikapanua mdomo, nikashika kichwa kwa mikono miwili. Picha ziliposafishwa, ile ya huzuni aliipenda kuliko hata mimi. Bila kuniuliza akatoa nakala kubwa, akaiweka dirishani, kati ya bwana harusi na mtu mwenye baiskeli.

Jumamosi, nyumbani kwetu Ngokolo, nilikuwa naanua nguo nilipoona akina mama saba wakiingia uani kimya kimya, mmoja na kuni kichwani, mwingine na unga kwenye ungo. Walikuwa wametoka sokoni, wakaniona dirishani nikilia. Kwetu mtu mzima halii hivyo mpaka awe amefiwa.

"Pole sana, mayu," wa kwanza akamwambia mama. "Mbona hamkutuambia? Tumeona tu picha ya binti. Ni nani aliyetutoka?"

Mama hakuwa na habari yoyote ya picha. Alinitazama mara moja, nami nikainamisha uso. Baadaye aliniambia kwamba kama angesema hakuna msiba, jioni ile ile mtaa mzima ungejua binti yake anachuria watu, analia bila maiti, na jina la namna hiyo halifutiki. Wakati ule sikujua anawaza nini. Niliona tu anaepua sufuria ya maharage, anaketi chini, ananyoosha miguu na kujifunika khanga kichwani.

"Ni shangazi yangu wa Geita," akasema.

Kisha akalia. Alianza chini kabisa, bila maneno, mabega yakitikisika, na wale wanawake wakampokea mmoja mmoja mpaka ua wote ukawa unalia. Hakushika kichwa wala hakupanua mdomo. Nilijua vizuri kwamba hatuna ndugu hata mmoja Geita, na bado machozi yakanitoka. Niliona aibu, lakini nikisema kweli, wivu ulizidi. Mama yangu, ambaye hajawahi hata kuliona jukwaa, alikuwa ameniacha mbali.

Walipoondoka nikamfuata jikoni.

"Mama, nifundishe. Umeigizaje vile?"

"Nani amekwambia nimeigiza?" Alikuwa anarudisha sufuria motoni. "Nimemlilia mdogo wako. Alipokufa nilikuwa nimelazwa, wakamzika bila mimi. Natoka hospitali, matanga yamekwisha, kila mtu yuko shambani kwenye palizi. Ningemlilia na nani? Leo watu wamekuja."

Mdogo wangu huyo alikufa mimi nikiwa na miaka mitano. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akimtaja.

"Hiyo picha kaitoe dirishani," akaongeza. "Dar peleka ukitaka, mimi sikukatazi."

Jumatatu nilikwenda kuichukua, na yule mzee alisikitika sana. Kutoka hapo nikapita posta. Kwenye bahasha nilitia barua na picha mbili.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu, wakati nimeshakata tamaa. Picha ya hasira walikuwa wameipenda na walikuwa tayari kuniita kwenye majaribio, ila ile ya huzuni hawakuiona ndani ya bahasha. Kama ninayo, niitume upesi.

Nilikuwa nayo, sandukuni, chini ya nguo za kanisani. Niliitoa nikaitazama: kichwa kimeshikwa, mdomo wazi, machozi ya kitunguu. Nilitaka sana kwenda Dar, na hadi leo sijaacha kutaka. Nikairudisha sandukuni, nikaenda ofisini. Barua ya safari hii niliipiga chapa mara moja tu, nikawaambia kwamba picha ya huzuni sina.