Radhi ya Ukumbini

Kulikuwa na njia moja tu ya kumnyamazisha Fundi Mdomo: kumpa kochi la kuwamba. Hapo alibana misumari midogo katikati ya midomo, akawa anaitoa mmoja mmoja na kuigongomea kwenye mbao, na karakana ikapata utulivu. Kochi likiisha, ulimi nao ulifunguliwa. Aliwatania wateja, alimtania marehemu mkewe enzi za uhai wake, aliitania hata mvua, na watu walimpenda kwa hilo. Mwenyewe alidai kuna waliovunja viti vyao makusudi wapate sababu ya kuja kumsikiliza. Msimwamini sana.

Alifanya kazi na mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee. Mkwe alitoka ng'ambo ya mpaka, katika nchi mojawapo ya ule Umoja wa nchi jirani, enzi ambazo mtu alivuka na begi lake begani bila kuulizwa unakwenda wapi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kazi zote ambazo fundi aliahidi zikiwa bado hazijaanzwa, yeye ndiye aliyekesha nazo.

Kisha serikali ikaitisha kura: tubaki katika Umoja au tutoke? Mtaa mzima uligeuka baraza. Waliosema tutoke walitaja ajira, waliosema tubaki walitaja soko, na wote walitaja wajukuu zao, ambao hakuna aliyewauliza. Ndugu walinuniana. Fundi Mdomo hakuwa na upande wa kuutetea. Alikwenda kila palipokuwa na watu wa kuwachekesha.

Jioni ya mdahalo katika ukumbi wa mtaa, wasemaji wenye tai waliongea takwimu mpaka watu wakaanza kupiga miayo. Mwenyekiti akampa fundi kipaza sauti, "atuchangamshe kidogo." Mtu aliyezoea kushangiliwa haombwi mara mbili.

"Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akaanza. "Sasa hawa wa Umoja jembe tuliwapa. Wameliuza! Wamekaa hapo wanatuuliza, chakula kinaiva saa ngapi?"

Watu walicheka mpaka viti vikaanguka. Saa hiyohiyo mkwe alikuwa karakanani, amepiga magoti, akimalizia makochi ambayo fundi alimwapia mteja kuwa yako tayari tangu juzi.

Utani ule ulisafiri kuliko mwenye nao. Ulifika redioni, ukaandikwa ukutani, waliotaka kutoka wakaufanya wimbo. Siku ya kura fundi aliingia, akatia alama yake kwenye kubaki, akatoka akiwapungia mkono waliokuwa wakimwimbia. Kutoka kukashinda.

Ndipo yakaanza. Mteja alileta viti vyake, akainama kumnong'oneza: "Fundi, hivi vishike mwenyewe. Yule wako asije akaviuza." Fundi akacheka, maana ndivyo alivyozoea. Alipogeuka alimwona mkwe na mkasi mkononi, ameinamia kitambaa ambacho alikuwa ameshakikata. Wiki hiyo mjukuu wake akarudi kutoka shuleni, akamkalia mapajani na kumuuliza, "Babu, mimi nimeuza jembe la nani?"

Fundi akamshusha mtoto, akabana misumari midomoni. Hatia haikumwachia. Aliumia zaidi kwa kuwa mkwe aliendelea kumwamkia kila asubuhi kwa heshima ileile.

Binti ndiye aliyelitoa neno. "Baba, mwisho wa mwezi tunahamia ng'ambo, kwao mume wangu."

Fundi alimfuata jikoni. "Mwanangu, nisameheni. Ulimi hauna mfupa. Ulikuwa mzaha tu. Hata kura yangu niliipiga ya kubaki, haki ya Mungu."

Binti akaitua sufuria. "Kumbe hukuamini hata ulichosema? Afadhali ungeamini, baba."

"Basi niambie nifanye nini."

"Umetutukana ukumbini, unatuomba radhi jikoni? Kaseme kulekule ulikosema. Ukisema, tutabaki. Nimeshaongea na mwenzangu."

"Baba, si lazima," mkwe alisema kwa upole kutoka mlangoni, na fundi akatamani bora angemtukana.

Jumamosi mwenyekiti aliita watu ukumbini kueleza taratibu mpya za wageni. Fundi alivaa koti lake la heshima. Binti, mkwe na mtoto walisimama nyuma, karibu na mlango. Watu walipomwona anakwenda mbele, wakaanza: "Jembe! Jembe!"

"Leo sikuja na mzaha," alisema. Wakacheka.

"Nasema kweli. Mkwe wangu ni wa ng'ambo. Makochi mnayokalia majumbani kwenu kayawamba yeye. Mvivu ni mimi." Wakacheka wakiegemeana mabega.

"Nilikosea, jamani. Namwomba radhi mbele yenu, yeye na binti yangu na mjukuu wangu."

"Huyu mzee atatuua!" mtu alipiga kelele. Mwenyekiti alikuwa anafuta machozi kwa leso. Sauti ya fundi ikaanza kutetemeka, nao wakaona anajua kuigiza kweli. Kicheko kilichokuja hapo kilikuwa kikubwa kuliko cha siku ile, kikubwa kuliko chochote alichowahi kukipata maishani. Na mwili una mazoea yake. Kifua kilimtanuka, mabega yakainuka, na kabla hajajua anafanya nini, Fundi Mdomo akatabasamu.

Alijizuia papo hapo, lakini binti yake alikuwa anamtazama usoni. Hakukasirika wala hakulia. Alimshika mtoto mkono, akamgusa mumewe begani, wakatoka. Fundi alibaki na kipaza sauti mkononi, na ukumbi mzima ukimwomba arudie.